Nadharia za Jamii Nazo Zipimwe

Kuna kauli iliyozoeleka katika idara za sosholojia, kwenye semina na hata katika kurasa za mwanzo za tasnifu. Husemwa kwamba vipimo vya falsafa ya sayansi vilitungwa kwa ajili ya fizikia na kemia. Kwamba jamii ni watu, na watu wana nia, imani na kumbukumbu. Kwamba ukiichukua nadharia ya jamii ukaandika madai yake moja moja na kuuliza lipi linatokana na lipi, utakuwa umeiua. Anayesema hivyo huungwa mkono ukumbini. Jirani yake wa maabara naye humwafiki kwa sababu nyingine: haoni ajabu nadharia za jamii zikikwepa mizani, maana hakuwahi kuzihesabu kuwa sayansi. Wawili hawa hawapatani kwa mengi, ila katika hili wamepatana, na katika hili wote wawili wamekosea.

Kosa lao lina gharama. Nadharia za jamii hazibaki vitabuni. Huhamisha watu makwao, hupanga bei za mazao, huamua nani aaminiwe na nani aogopwe wakati wa uchaguzi. Mkulima anayeelezwa na nadharia ana haki ya kujua inadai nini hasa juu yake, na ni jambo gani likitokea waliomweleza watalazimika kukiri kwamba hawakumjua. Nadharia isiyokanushwa na jambo lolote haikanushwi hata na maisha yake.

Tuanze na kile kinachodaiwa. Falsafa rasmi ya sayansi, ile inayochambua nadharia kwa mantiki, haimtaki mwanasosholojia awageuze watu kuwa namba. Inamtaka ataje madai yake ya msingi. Inamtaka aonyeshe hitimisho lake linatokanaje na madai hayo. Inamtaka azifafanue istilahi zake ili mtu aweze kujua kama jambo lipo au halipo kabla ya kuona matokeo. Mwisho, aseme nadharia yake inakataza nini kutokea. Hakuna kati ya haya linalohitaji mashine wala milinganyo, ingawa milinganyo ikipatikana husaidia.

Wanaosema kwamba huo ni mtindo wa Ulaya wa karne ya 20 wamrudie Ibn Khaldun. Mwaka 1377, katika Muqaddima, aliandika nadharia ya kuinuka na kuanguka kwa tawala ambayo umbo lake liko wazi kuliko nyingi zinazofundishwa leo. Nguzo yake ni asabiya, yaani mshikamano wa watu wanaolindana kwa damu na kwa shida za pamoja. Maisha magumu ya nyika huizaa asabiya. Asabiya huwapa watu nguvu ya kuiteka miji. Utawala wa mjini huleta anasa. Anasa huila asabiya. Kizazi cha kwanza bado kina ukali wa nyika, cha pili kimeuona kwa wazazi, cha tatu kimeusahau. Kizazi alikihesabu kuwa miaka 40, hivyo utawala wa ukoo mmoja kwa kawaida hauvuki miaka 120. Akaongeza sharti: isipokuwa pale asipotokea wa kuudai.

Mtu huyu amejiweka wazi. Amesema kinachosababisha, amesema njia kinamopitia, amesema muda, amesema na pale ambapo hesabu yake haitatimia. Tumpime basi kwa ukoo unaojulikana vizuri pwani hii. Al Busaidi waliishika Oman katikati ya karne ya 18 na hadi leo wanaitawala. Miaka 120 imepita zamani. Je, sharti lake linamwokoa? Halimwokoi, kwa sababu wadai walitokea: makabila ya bara yaliyomfuata imamu yaliishambulia Maskati mwaka 1915, na vita vya Jebel Akhdar vikapiganwa kati ya 1957 na 1959. Mara zote mbili walizuiwa kwa nguvu za Waingereza.

Mtetezi wa Ibn Khaldun atasema tuongeze sharti la pili: utawala unaolindwa na dola ya nje haufuati hesabu hii. Mantiki haimkatazi. Inamuuliza tu kama sharti hilo linaeleza jambo jingine zaidi, au limetungwa kuziba tundu hili moja. Zanzibar inamjibu. Tawi la ukoo huohuo, lililobaki Unguja baada ya mtawala wake Sayyid Said kufariki mwaka 1856, liliwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890. Himaya ilikoma kwa uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963. Mapinduzi yakafanyika tarehe 12 Januari 1964. Ulinzi ulipoondoka, utawala haukumaliza hata miezi miwili. Sharti lililoongezwa kwa ajili ya Maskati limeangaza jambo la Unguja ambalo halikutungwa kulieleza. Hayo ni maarifa mapya.

Lakini kazi haijaisha. Kutoka 1856 hadi 1964 ni miaka 108, na mwenye haraka ataona kwamba hesabu ya miaka 120 imethibitika. Haijathibitika. Ukianza kuhesabu tangu ukoo uliposhika madaraka Oman, unapata zaidi ya miaka 200. Kwa hiyo nadharia inapaswa kusema mapema utawala unaanza lini, si kumwachia mtafiti achague mwaka unaompendeza. Zaidi ya hapo, waliopindua hawakuwa watu wa nyika wenye mshikamano wa damu waliokuja kuuteka mji uliolegea kwa anasa. Zanzibar yenyewe huyaita mapinduzi ya wakwezi na wakulima, na mizizi yake iko katika ardhi, kazi na kura. Hesabu imelingana, sababu haikulingana. Utabiri uliotimia kwa njia ambayo nadharia haikuitaja si ushahidi wa nadharia hiyo.

Haya yote yamepatikana bila kumpunguzia Ibn Khaldun heshima yake. Tumejua wapi alipatia, wapi panahitaji kurekebishwa, wapi amekwama. Mficha uchi hazai. Aliyekubali madai yake yaonekane ametuzalishia maswali karne sita baadaye. Ni nadharia ngapi za miaka 50 iliyopita zitaweza hivyo?

Sasa tuzijibu hoja za upande wa pili, tukianza na ile wanayoitegemea zaidi. Wanasema tendo la mtu lina maana kwake, na maana hueleweka kwa kuingia ndani yake, haipimwi. Hukimbilia jina la Max Weber. Wangemsoma hadi mwisho wangeona kwamba Weber, katika kazi yake kubwa iliyotoka mwaka 1922 baada ya kifo chake, alidai mambo mawili kwa pamoja: tafsiri iwe na mantiki kwa upande wa maana, na pia ionyeshwe kwamba mambo kweli huenda hivyo. Tafsiri inayovutia lakini haijapimwa, kwake, ilibaki nadharia tete. Kuelewa maana ni mwanzo wa kazi. Wafuasi wake wameufanya mwanzo huo kuwa kisingizio cha kuiachia kazi njiani.

Kwamba maana haifi ikipimwa, mfano ulio wazi ni wa mwanasosholojia George Homans. Mwaka 1950 alitoa kitabu kuhusu vikundi vidogo: wafanyakazi wa kiwanda, vijana wa mtaani, familia za kisiwa cha Tikopia. Aliandika kwa lugha ya kawaida kwamba watu wanaokutana mara kwa mara huelekea kupendana, na wanaopendana huzidisha shughuli za pamoja. Mwaka 1952 Herbert Simon aliyachukua madai hayo akayaandika kwa milinganyo yenye vitu vinne: kukutana, urafiki, shughuli za kikundi, na shughuli ambazo kikundi hudaiwa na mazingira ya nje. Kutokana na hapo angeweza kuonyesha kikundi kitadumu katika hali gani na kitasambaratika katika hali gani pale mahitaji ya nje yanapopungua. Urafiki uliingia katika mlinganyo ukiwa urafiki, ukatoka ukiwa urafiki. Kilichoongezeka ni kujua madai ya Homans, yakikaa pamoja, yanatulazimisha kukubali nini.

Hoja yao ya pili ni nzito zaidi: watu husikia nadharia inayowahusu na kubadili mwenendo, jambo ambalo jiwe halifanyi. Ni kweli. Lakini hilo nalo ni dai, na dai huandikwa. Robert Merton aliliandika mwaka 1948 alipoeleza utabiri unaojitimiza: watu wakiamini kwamba benki yao, ingawa ni imara, itafilisika, wataikimbilia kutoa fedha, nayo itafilisika. Simon akaenda mbele mwaka 1954. Aliuliza kama mchapishaji wa kura za maoni anaweza kutangaza utabiri ambao utabaki sahihi hata baada ya wapiga kura kuusikia na kubadili nia zao. Alithibitisha kihisabati kwamba, kwa masharti aliyoyataja, utabiri wa namna hiyo upo. Swali ambalo wapinzani wetu hulitaja kama ukuta usiopenyeka lilifunguliwa kwa zana zilezile wanazozikataa.

Nije kwenye nadharia inayotuumiza zaidi katika eneo hili, ile inayosema kwamba siasa za Kiafrika huelezwa na ukabila. Archie Mafeje, aliyepata kuongoza idara ya sosholojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliishambulia mwaka 1971. Alionyesha kwamba wachambuzi walilichukua kabila kama maelezo tosha, na kwa kufanya hivyo wakafunika mahusiano ya madaraka na mali ambayo ndiyo yalistahili kuchunguzwa. Lile lilikuwa shambulio la kimantiki, hata kama hakutumia alama za mantiki: kinachopaswa kuelezwa kimegeuzwa kuwa maelezo.

Nusu karne baadaye nadharia hiyo bado inanguruma kila uchaguzi, hasa Kenya. Tuiandike: wapiga kura humchagua mtu wa kabila lao. Mwaka 2002 wagombea wawili wakuu, Mwai Kibaki na Uhuru Kenyatta, wote walikuwa Wakikuyu. Nadharia haikuwa na la kusema juu ya nani angeshinda. Mwaka 2013 Kenyatta na William Ruto, viongozi wa jamii zilizokuwa pande mbili za damu iliyomwagika 2007 na 2008, waligombea kwa tiketi moja na kushinda. Mwaka 2022 eneo la Mlima Kenya lilimpa Ruto, Mkalenjin, kura zake nyingi, ilhali Rais Kenyatta alikuwa akimpigia debe Raila Odinga. Kila mara wachambuzi walikuwa na jibu: ni ukabila wa muungano, ni ukabila wa kumzuia mtu wa tatu, ni ukabila wa mgombea mwenza. Nadharia ikatanuka hadi ikawatosha wote, na kwa kutanuka hivyo haikukataza tokeo lolote. Wakati huohuo inaendelea kuwahukumu mamilioni ya watu kuwa hawana akili ya kupima sera. Hawana pa kukata rufaa, kwa kuwa hata wakipiga kura kinyume watahesabiwa mumo humo.

Linganisha na alichofanya Daniel Posner mwaka 2004. Wachewa na Watumbuka wamegawanywa na mpaka wa Malawi na Zambia uliochorwa na wakoloni. Lugha na mila za kila kundi ni zilezile pande zote mbili za mpaka. Nchini Malawi makundi hayo ni mahasimu wa kisiasa. Nchini Zambia ni washirika. Posner alikwenda kwenye vijiji vya pande zote za mpaka, akawauliza watu kuhusu mambo kama kuoana na kumpigia kura mgombea wa kundi la pili. Maelezo yake yanasema wazi: tofauti ya utamaduni huwa silaha ya kisiasa pale kundi linapokuwa kubwa vya kutosha, likilinganishwa na uwanja wa kitaifa, kumfaa mwanasiasa anayetafuta wingi. Malawi makundi haya ni makubwa. Zambia ni madogo, na huungana kama watu wa mashariki. Nadharia hii inakataza jambo: inakataza uhasama huohuo ujitokeze kwa nguvu ileile mahali ambapo makundi ni madogo. Mtu anaweza kwenda mpaka mwingine akaijaribu. Na inawarudishia wanavijiji utu wao, maana haisemi chuki imo katika damu yao.

Mfano wangu wa mwisho unatoka Tanzania. Goran Hyden, aliyefundisha Dar es Salaam miaka ya 1970, alitoa mwaka 1980 kitabu kuhusu kushindwa kwa ujamaa vijijini. Wengi wamekinukuu, wachache wamekipanga. Tukipange. Kwanza, mkulima mdogo anamiliki ardhi na zana zake. Pili, mahitaji yake ya lazima anayapata katika mtandao wa ndugu, ukoo na majirani, ambao Hyden anauona kama uchumi wa undugu. Tatu, kwa hiyo akibanwa na dola anaweza kujiondoa na kurudi kwenye shamba lake la chakula. Nne, kwa hiyo dola haiwezi kumteka.

Je, la nne linatokana na la tatu? Kati ya 1973 na 1976 serikali iliwahamishia vijijini mamilioni ya watu, wengi wao bila ridhaa. Dola iliyoweza kuhamisha nyumba ya mkulima si dola isiyomweza. Dai la nne inabidi lipunguzwe: dola iliweza kuamuru makazi, haikuweza kuamuru jembe. Halafu kati ya la pili na la tatu pana dai lisilotajwa, kwamba kujiondoa sokoni hakumgharimu mkulima kitu kikubwa. Nelson Kasfir alilishika dai hilo mwaka 1986 alipouliza kama kweli wakulima wa Afrika wanajitosheleza. Chumvi, sabuni, mafuta ya taa, kanga, dawa na jembe lenyewe havioti shambani.

Sasa weka pembeni yake nadharia ya Robert Bates ya mwaka 1981: mkulima hupunguza mazao ya biashara kwa sababu bodi za mazao humnyonya kwa bei ndogo. Nadharia zote mbili zinatabiri kwamba mauzo yatashuka dola ikimkamua mkulima. Kwa hiyo kushuka kwenyewe, ambako waandishi wengi wamekutaja kumuunga mkono Hyden, hakuamui kati yao. Zinaachana mahali pamoja: bei ikipanda, Bates anatarajia mauzo yapande, Hyden, akishikwa kwa maneno yake kwamba soko liko pembezoni mwa maisha ya mkulima, hana sababu ya kutarajia hivyo. Hapo ndipo pa kupima.

Lakini hata kipimo hicho hakisimami peke yake. Pierre Duhem alikwisha kuonyesha mwaka 1906, akizungumzia fizikia, kwamba nadharia tete hupimwa pamoja na dhana nyingine zinazoisaidia. Kila Mtanzania aliyekuwa mtu mzima mwanzoni mwa miaka ya 1980 anaijua dhana saidizi iliyokosekana hapa. Maduka yalikuwa matupu. Sukari na sabuni zilipatikana kwa foleni au kwa walanguzi. Mkulima aliyeongezewa bei ya pamba angeinunulia nini hiyo fedha? Asipoongeza mauzo katika hali hiyo, hajathibitisha kwamba haongozwi na bei. Ndiyo maana wanauchumi Bevan, Collier na Gunning, katika kazi yao ya 1989, waliuweka uhaba wa bidhaa ndani ya nadharia yenyewe na kulinganisha Tanzania na Kenya, ambako maduka yalikuwa na bidhaa. Dhana hiyo inakaguliwa yenyewe, bila kungoja matokeo ya pamba: mtu huenda dukani akaangalia rafu.

Nimepita taratibu katika mfano huu kwa sababu tofauti kati ya nadharia hizo mbili ni tofauti ya sera. Ukiamini mkulima hatekwi kwa sababu ya undugu wake, utatafuta namna ya kumvunjia undugu huo au kumlazimisha. Ukiamini anakimbia bei mbaya na duka tupu, utalipa vizuri na kujaza maduka. Serikali inayochagua kati ya hayo kwa kuvutiwa na uzuri wa maandishi inacheza na riziki za watu.

Imebaki hoja moja yenye uzito: kwamba nadharia changa ikibanwa mapema hufa kabla ya kukomaa. Nakubali kwamba wazo jipya huhitaji nafasi, na Imre Lakatos aliwaonya wanafalsafa wenzake wasiitupe programu ya utafiti kwa pigo la kwanza. Lakini kupewa nafasi si kusamehewa hesabu. Lakatos huyohuyo alitaka tuangalie kama marekebisho yanayoongezwa yanazaa matarajio mapya au yanakimbiza tu aibu. Na uzoefu hauonyeshi kwamba mantiki inaua. Mwaka 1994 watafiti wa Amsterdam waliitafsiri katika mantiki ya daraja la kwanza sehemu ya nadharia ya Hannan na Freeman kuhusu kuzaliwa na kufa kwa mashirika, wakalazimika kuyaweka wazi madai ambayo maandishi ya awali yaliyaacha kimya. Nadharia haikufa. Mwaka 2007 Hannan mwenyewe alitoa, pamoja na Pólos na Carroll, kitabu kizima kinachojenga upya nadharia za mashirika kwa mantiki.

Basi na idara zetu zianze na jambo dogo linalowezekana. Kila tasnifu ya sosholojia iwe na ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, unaotaja madai ya msingi ya nadharia iliyotumika, hitimisho linalotokana nayo, na jambo ambalo likionekana mwandishi atakubali kuwa nadharia imeshindwa. Msimamizi akatae kupitisha kazi isiyo na ukurasa huo. Mtahini aulizie ukurasa huo kabla ya kuuliza idadi ya waliohojiwa. Na ukurasa huo urudishwe kijijini au mtaani ambako taarifa zilikusanywa, usomwe mbele ya walioelezwa, ili mkulima wa pamba na mpiga kura wa Nyeri waweze kunyoosha mkono na kusema: dai la pili si kweli, na sababu ni hii.